Tusimuulize tu atapata pesa lini, tumuulize anatafuta nini

Bukavu. Juma lililopita, huku Kadutu, jamaa moja ilikutana kumuaga kijana wao. Alimaliza masomo ya uganga, akatumika hospitalini, na sasa anaanza doktora juu ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ataongozwa na maprofesa wawili, mmoja wa hapa, mwengine wa ng'ambo. Baba yake mkubwa akasimama: « Miaka yote hiyo, na bado unarudi kwenye kiti cha shule? Fungua kliniki, wadogo zako wanafukuzwa juu ya minervali. » Watu wakacheka. Kijana hakucheka.

Baba mkubwa ana haki ya kuuliza. Jamaa iliuza shamba ili huyo asome. Lakini naona swali lake halitoshi.

Kijana anataka kuchunguza konzo. Ni ugonjwa unaokuja kwa ghafla: mtu alikuwa akitembea vizuri, mara miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Unashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliuandika tangu 1938 huko Kwango. Mwaka wa 2011 watafiti walitangaza kwamba umeonekana hata hapa Kivu ya Kusini.

Unatokana na muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, kwa watu wasiopata nyama wala samaki. Vita na njaa vinafanya mama apunguze siku za kuloweka. Sumu inabaki ndani ya bugali.

Basi tunajua chanzo. Lakini kwa nini watoto wawili wanakula sahani moja, mmoja anapooza na mwengine anabaki mzima? Sumu hiyo inaharibu namna gani mishipa inayotuma miguu itembee? Kliniki ya mtaani haitajibu. Ni lazima mtu akae miaka, achukue damu, apime, akosee, arudilie.

Na utafiti hauishii kwenye karatasi. Watafiti ndio waliofundisha wamama wa Kahemba na Popokabaka kulowesha unga kwa maji, kuutandaza mwembamba, na kuuacha saa 2 kwenye jua ao saa 5 kivulini ili sumu itoke kabla ya kupika. Njia hiyo haiombi mashine yoyote.

Wengine wanasema: akienda, hatarudi. Woga huo ni wa kweli. Lakini tumtazame Profesa Muyembe, aliyetoka Ubelgiji na doktora yake katika miaka ya 70 na kurudi kutumika hapa. Damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ilisaidia kutengeneza dawa ya Ebanga, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 2020. Naye Profesa Tshala-Katumbay anafundisha Marekani, lakini konzo anaichunguza Kahemba na Kinshasa. Kwa hiyo kwenda na kurudi kunawezekana, kama kuna kazi inayokungoja.

Hapo ndipo serkali yetu inakosa. Mtafiti akirudi anakuta maabara bila umeme na mshahara unaochelewa. Tusilaumu wanaobaki ng'ambo kama hatukuwawekea hata friji ya kutunza damu. Vyuo vyetu viwape kazi ya kufundisha tangu wakiwa masomoni, na serkali itoe bursi kwa magonjwa yanayotupiga sisi.

Kwako kijana: jamaa ilitoa shamba, usiisahau. Kila ukifika likizo, kaa na baba mkubwa, umueleze kwa Kiswahili umeona nini. Siku atakapowaonya majirani wasiharakishe muhogo, ujue doktora yako imeanza kulipa.