Hadithi za Waandishi Wasiopatikana: Amana au Ngawira?

Hudaiwa mara kwa mara kwamba hadithi iliyowekwa mtandaoni na mwandishi asiyejulikana alipo ni mali ya yeyote aiokotaye. Mwandishi alitumia jina la kubuni, anwani aliyoiacha haijibu tena, na miaka imepita. Basi, husemwa, kunyamaza kwake ni kukubali. Hoja hii tunaipinga. Tunaipinga vile vile hoja ya wale wasemao kwamba maadamu ruhusa haikupatikana, hadithi hiyo isiguswe kabisa, hata kama itapotea. Hoja ya kwanza ni ya mporaji. Ya pili ni ya mlinzi alalaye huku nyumba inaungua.

Tuanze na hii ya pili. Kitabu kilichochapwa huweza kukaa katika rafu za maktaba miaka mia, hata mwandishi wake akisahauliwa. Hadithi ya mtandaoni haina rafu ya namna hiyo. Huishi katika mitambo ya kampuni, na siku kampuni inapofunga milango, hadithi nayo hutoweka. Mwezi wa Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities nchini Marekani, mahali ambapo watu wa kawaida walikuwa wameweka mamilioni ya kurasa zao tangu miaka ya 1990. Watu waliojitolea walinakili walichoweza kabla ya siku hiyo kuwadia. Lau wangalingoja ruhusa ya kila mwandishi, sehemu kubwa ya kazi hizo ingalipotea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kuhifadhi ni wajibu. Lakini kuhifadhi si kumiliki. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, haumtaki mwandishi aandikishe kazi yake popote ndipo alindwe. Haki yake huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, nayo hudumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyejificha nyuma ya jina la kubuni naye hulindwa, angalau miaka 50 tangu kazi yake itolewe hadharani. Hadithi zilizoandikwa kwa ajili ya mtandao, ulioenea katika miaka ya 1990, hazijafikia umri huo hata moja. Kutopatikana kwa mwenyewe, kwa hiyo, hakufuti haki yake.

Nasi Waswahili ndio wa mwisho wa kulichukua jambo hili kwa wepesi. Mwaka 1903 kilichapwa huko Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Jalada lilibeba jina la Carl Velten, mkusanyaji. Lakini sehemu kubwa ya maelezo yaliyomo ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, pamoja na wenzake. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mbele ya wasomaji katika anwani ya kitabu. Ilipita miaka 78! Ikiwa tuliuita huo unyonyaji ulipotendwa na mgeni, tutauitaje utendwapo na sisi wenyewe, tunaponakili hadithi ya mwenzetu na kulifuta jina lake?

Njia iliyo sawa ipo. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya kazi yatima, yaani vitabu, magazeti, filamu na kazi nyingine ambazo wenyewe hawapatikani. Maktaba huruhusiwa kuzinakili kwa manufaa ya umma, lakini baada ya kumtafuta mwenyewe kwa bidii na kuyaandika matokeo ya utafutaji huo. Mwenyewe akitokea siku yoyote, haki yake humrudia, na hustahili fidia. Hadithi za mtandaoni zahitaji adabu iyo hiyo.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Anayetaka kuhifadhi hadithi na aandike kwa anwani ya mwandishi, awaulize waliokuwa wakiandika pamoja naye, atoe tangazo, na atie katika daftari tarehe na majibu. Asipompata, aiweke nakala mahali salama, na jina lile lile alilolichagua mwandishi. Asibadili neno, asiuze, wala asiichape katika kitabu chake. Na mwandishi akirudi akasema, “Iondoeni,” iondolewe pasipo mabishano. Pengine aliandika ujanani mambo ambayo leo hataki yajulikane. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Walimu na wanafunzi hawana budi kulianza jambo hili darasani. Hadithi inayotolewa katika simu na kubandikwa ukutani au kutiwa katika gazeti la shule ina mwenyewe. Aulizwe kwanza. Asipopatikana, wanafunzi waisome hadithi na kuijadili, walitaje jina lake, lakini gazetini waandike za kwao.

Mali ya aliye safarini haigawanywi kama urithi wa marehemu. Huwekwa amana, ili siku arudipo aikute kamili, na jina lake juu yake.