Mpakani tupime na nyayo za madereva

Dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali akifika Rusumo huulizwa hati ya kusafiria na nyaraka za mzigo. Kukiwa na tishio la Ebola, hupimwa na joto la mwili. Hakuna anayemuuliza kama anavihisi vidole vya miguu yake.

Si swali la mzaha. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, inayofika miguuni, ndiyo hutangulia. Mgonjwa huanza kusikia ganzi, au nyayo zinawaka moto usiku, au anakanyaga sakafu kama anakanyaga pamba. Baadaye hasikii kitu. Ndala humtoka mguuni asijue. Gizani huyumba, kwa kuwa nyayo hazimpi tena habari za ardhi anayokanyaga. Msumari ukimchoma haachi kutembea, na kidonda hukigundua kwa kuona damu kwenye soksi. Wengi husema ni uchovu wa safari, wakatumbukiza miguu kwenye karai la maji ya moto. Hapo huungua bila kuhisi. Kidonda kikioza, mguu hukatwa.

Na mguu huo huo ndio unaokanyaga breki ya lori lenye tela.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Ni uzi wa nailoni unaogusishwa kwenye unyayo kwa uzito wa gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho, aseme anapohisi. Muuguzi aliyefundishwa humaliza kwa dakika chache. Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wamefundisha watumishi wa afya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari tangu miaka ya 2000. Kwa hiyo utaalamu tunao humu humu kwetu.

Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, inazitaka nchi wanachama zishirikiane kuzuia magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza. Mipakani tunaliona lile la kwanza tu. Hili la pili tumeliacha kwa kila nchi, ilhali dereva ana kliniki nchi moja na kidonda hukipata nchi nyingine, daftari lake likiwa nyumbani.

Napendekeza Rusumo, Malaba, Busia na Namanga ziwekewe muuguzi mwenye uzi huo, na kadi moja ya kisukari inayosomeka katika nchi zote 8. Foleni za malori zinatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Lakini majibu yabaki kwa dereva na mganga wake. Yakipelekwa kwa tajiri mwenye gari na mtu akapoteza kazi, madereva watamkwepa muuguzi kama baadhi yao wanavyokwepa mizani.