Kifutu Hampishi Mtu Njia

Nyoka wengi wakisikia mshindo wa miguu yako hukimbia. Kifutu hakimbii. Hulala palepale alipo, kimya, akitegemea rangi yake imfiche. Wengine humwita bafe, wengine moma. Watu husema ni nyoka mvivu, kwa hiyo humdharau. Mimi naona dharau hiyo ndiyo inayotuumiza.

Tumtambue. Kifutu ni mfupi na mnene. Mara nyingi urefu wake haupiti mita moja, lakini unene wake ni kama mkono wa mtu mzima. Kichwa ni bapa na kipana. Mgongoni ana alama nyeusi zilizopangana kutoka shingoni hadi mkiani. Kila alama ni kama herufi V, ile tuliyojifunza darasani. Rangi yake hufanana na udongo na majani makavu. Akikasirika hujijaza pumzi na kutoa sauti kama tairi linalotoka upepo. Hatagi mayai, bali huzaa. Anaweza kuzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja, na kila mtoto ana sumu tangu siku ya kwanza.

Shemeji yangu aliumwa na kifutu mguuni, jioni, akitoka kuokota kuni. Tulimfunga kamba ya katani chini ya goti, tukaikaza sana. Tukamchanja kwa wembe. Kisha tukamwita mzee mwenye jiwe jeusi. Tulifika hospitali siku ya pili, mguu umekuwa mweusi. Alipona, lakini mguu ulikatwa. Leo analima akiwa amekaa chini.

Nasema wazi kwamba ile kamba tulikosea. Sumu ya kifutu huozesha nyama. Ukifunga kamba, sumu hubaki mahali pamoja na damu haipiti, basi nyama hufa upesi zaidi. Wembe huongeza kidonda na kumwaga damu. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu. Jiwe jeusi je? Lile ni mfupa uliochomwa. Hunata kwenye kidonda kwa sababu hunyonya majimaji, lakini sumu imekwisha kuingia ndani ya mwili.

Mtajibu: "Mbona fulani aliwekewa jiwe akapona?" Swali ni zuri. Nyoka akiuma, si kila mara hutoa sumu. Pengine huuma tu. Mtu wa namna hiyo atapona hata ukimwekea kipande cha muhogo. Sifa humwendea mwenye jiwe, na siku ya sumu ya kweli tunakwenda kwake tena.

Kwa kawaida sumu ya kifutu haiui papo hapo. Muda wa kufika hospitali upo, nasi tunaupoteza kwa kamba na wembe. Mgonjwa alazwe, atulizwe, asitembee. Mvue pete, bangili na viatu kabla mguu au mkono haujavimba. Ufungie mguu kwenye kijiti ulionyooka, bila kukaza. Mkipata pikipiki, mgonjwa akae katikati, na mtu mwingine amshike kwa nyuma. Nawe uliyejua kusoma na kuandika, kazi yako ni hii: chukua kalamu, chora mstari pale uvimbe ulipofika, andika na saa. Daktari ataona uvimbe unakwenda kasi gani. Msimtafute nyoka mpaka usiku uingie. Daktari hutibu kwa kuangalia dalili. Hata kichwa cha nyoka kilichokatwa huweza kuuma.

Koboko ni habari nyingine. Yeye ni mrefu, mwembamba, mwepesi, na sumu yake huzuia pumzi. Hapo muda ni mfupi sana. Fira akikutemea mate machoni, osha kwa maji mengi mara moja.

Kujikinga si ghali. Kifutu hutembea usiku akifuata panya, na panya hufuata mahindi yetu. Ghala likiwa safi na majani yakifyekwa, hana la kufuata. Usiku tembea na tochi, hata kama unakwenda chooni tu. Shambani vaa buti. Kuni zigeuze kwa fimbo kabla ya kuzishika. Lala kitandani, chandarua ukichomeke chini ya godoro.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 duniani kila mwaka. Mwaka 2019 lilitangaza mpango wa kupunguza vifo hivyo kwa nusu ifikapo 2030. Vizuri. Lakini dawa ya kupinga sumu haipatikani katika kila zahanati, na nyoka hangoji mpango. Kwa hiyo napendekeza mkutano ujao wa kijiji uulize maneno matatu. Hospitali ipi iliyo karibu ina dawa hiyo? Nani ana pikipiki, na atakubali kuamshwa usiku? Fedha ya mafuta itatoka mfuko gani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, yabandikwe mlangoni pa ofisi ya kijiji.