William Wallace Hakuwa Mhaini

Tarehe 23 Agosti 1305, katika ukumbi wa Westminster jijini London, William Wallace alihukumiwa kifo kwa kosa la uhaini, na hukumu ikatekelezwa siku hiyo hiyo. Alifungwa nyuma ya farasi akaburutwa hadi Smithfield, akanyongwa, akateremshwa akiwa bado hai, akapasuliwa tumbo na kukatwa kichwa. Kichwa kilitundikwa kwenye Daraja la London. Vipande vinne vya mwili vilipelekwa Newcastle, Berwick, Stirling na Perth, ili kila apitaye aone malipo ya kumsaliti mfalme.

Lakini je, alimsaliti nani? Uhaini ni kuvunja utii. Asiyekuwa na utii hana cha kuvunja. Waandishi wa tarehe wanasimulia kuwa Wallace mwenyewe aliwajibu hivyo mahakimu wake: hakuwa raia wa Edward I, hivyo hangeweza kuwa mhaini kwake. Jibu hilo halikuwafaa kitu watu waliokwisha kuamua. Kwa kuwa alikuwa ametangazwa mharamia aliye nje ya sheria, hakuruhusiwa kujitetea. Miongoni mwa waliokaa kumhukumu alikuwamo John Segrave, kamanda wa Edward aliyekuwa amepigana vita huko huko Uskoti. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Tuanzie mwanzo wa utii huo unaodaiwa. Mfalme Alexander III wa Uskoti alifariki mwaka 1286, na mjukuu wake Margaret, mrithi wake, akafuata mwaka 1290. Wadai wa kiti wakawa wengi, na Edward akaombwa kusuluhisha. Msuluhishi akageuka mwenye mali: aliwataka wadai hao kwanza wamkiri kuwa bwana mkuu wa Uskoti. Walikiri, kwa sababu kila mmoja alikitamani kiti. Mwaka 1292 kiti kikaenda kwa John Balliol. Miaka minne baadaye Edward alivamia, akawachinja watu wa Berwick, akamvua Balliol taji na kulichukua hadi Westminster Jiwe la Scone, ambalo wafalme wa Uskoti walitawaziwa juu yake.

Kisha akataka viapo na mihuri. Orodha iitwayo Ragman Roll ina majina zaidi ya 1,500 ya makabaila, maaskofu, wamiliki wa ardhi na wakuu wa miji waliokiri utii. Jina la William Wallace halimo.

Hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Nchi haikupotea kwa upanga peke yake. Ilipotea pia kwa nta na muhuri, na walioitia mihuri ni wale waliokuwa na cha kulinda. Wengi wao walikuwa na mashamba pande zote mbili za mpaka. Julai 1297 makabaila kadhaa walijisalimisha huko Irvine bila kupigana. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Septemba, Wallace na Andrew Moray walisubiri jeshi la Edward lianze kuvuka daraja jembamba la Stirling, wakalishambulia likiwa limegawanyika. Hugh de Cressingham, mtunza hazina wa Edward katika Uskoti, aliuawa hapo.

Filamu ya mwaka 1995, ambayo wengi wetu tulimjulia Wallace, ililiondoa hata daraja lenyewe katika vita vya Stirling, ikampa Wallace mapenzi na Isabella wa Ufaransa, ambaye alifika Uingereza mwaka 1308, Wallace akiwa amekwisha kuuawa. Ilichokificha ni kikubwa zaidi. Tarehe 11 Oktoba 1297 Wallace na Moray waliwaandikia wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg kuwaarifu kwamba bandari za Uskoti ziko wazi tena. Hiyo ni kazi ya serikali. Wallace alitawala akiwa Mlinzi wa Ufalme, kwa jina la Mfalme John, hadi aliposhindwa Falkirk tarehe 22 Julai 1298. Hati ya mashtaka yenyewe ilimlaumu kwa kuitisha mabunge na kuhimiza urafiki na Ufaransa. Jambazi haitishi bunge.

Wapo watakaosema kuwa watu wake walichoma na kuua raia huko Northumberland. Ni kweli, na bendera ya ukombozi haiisafishi damu hiyo. Lakini matendo hayo yana majina yake: mauaji, uporaji, uchomaji moto. Yote yalikuwamo katika mashtaka. Uhaini uliongezwa kwa kazi nyingine, nayo ni kugeuza uvamizi kuwa sheria. Ukimwita adui wa vita mhaini, umetangaza kwamba nchi yake ilikuwa yako tangu zamani.

Mwaka 1304 John Comyn na makabaila wenzake walifanya suluhu na Edward. Wallace aliachwa nje, na baadhi ya makabaila waliwekewa sharti la kusaidia kumkamata ili wapate nafuu. Aliyemtia mikononi mwa Waingereza ni John de Menteith, Mskoti, mlinzi wa ngome ya Dumbarton, ambaye baadaye alizawadiwa ardhi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tazama mizani ya historia. Robert Bruce alimwapia Edward utii zaidi ya mara moja na kuuvunja, naye alitawazwa mfalme mwaka 1306, akashinda Bannockburn mwaka 1314, na mwaka 1328 Uingereza ikautambua uhuru wa Uskoti kwa mkataba. Aliyekula kiapo na kukivunja alikufa akiwa mfalme. Asiyekula kiapo alikatwa vipande vinne kwa kuvunja kiapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe darasani, barabarani au nyuma ya meza ya ofisi ya umma, usilipokee neno «mhaini» kama linavyotolewa. Uliza kwanza: kiapo kipi, kilitolewa na nani, na aliyekitoa alipewa na nani haki ya kuwaapia wengine? Na wewe ambaye kazi yako ni kutia sahihi, kumbuka kuwa Edward hakuhitaji Waskoti wote wamkubali. Zilimtosha karatasi zenye mihuri.