Koti Jipya, Shamba Bila Mbegu



Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na dirishani naona mengi. Mwezi wa kuuza viazi, mkulima hupita na koti jipya. Mwezi wa kupanda, yule yule huja na koti lile lile, akiuliza nani atamkopesha mbegu. Wazee waliogawiwa mashamba ya skimu kuanzia mwaka 1962 walianza na deni la ardhi. Sisi tusijitafutie deni la nguo.

Sisemi mtu avae matambara. Nasema afungue sanduku kwanza. Nguo nyingi huachwa kwa sababu ya kifungo kimoja tu. Shona tundu kabla ya kufua, kwani kusugua hulipanua. Geuza nguo ndani nje unapoianika, jua lisiipaushe. Kola ya shati ikilika, fundi aweza kuifumua na kuigeuza. Nguo kuukuu iwe ya shamba na ya kunyunyizia dawa, nayo ifuliwe peke yake. Nguo ya kutokea isiingie zizini.

Mitumba ni rahisi, lakini ukinunua kila siku ya soko, mwisho umekula gunia zima.

Mimi mwenyewe niliwahi kukopa suti, na karo ya mtoto ikachelewa. Wengine watasema kiraka ni aibu. Aibu ni shamba kulala bila mbegu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukiuza mavuno, tenga kwanza pesa za mbegu, mbolea na karo. Zitakazobaki ndizo za nguo.