Wingi wa Madhehebu Kakamega: Mlango Usifungwe

Tangu maiti zaidi ya 400 zifukuliwe katika msitu wa Shakahola, hapa kwetu Kilifi, mwaka 2023, neno madhehebu limeingia doa. Barazani, Mombasa na Malindi, nimewasikia watu wazima wakisema kwamba Wakristo wamezidi kugawanyika, na kwamba heri serikali iwakusanye mahali pamoja. Jopo lililoundwa na Rais mwaka ule ule, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, lilitoa ripoti mwaka 2024, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuyaweka makundi ya dini chini ya vyombo vya mwamvuli. Mimi sikubaliani na wazee wangu wa barazani, na hoja yangu naitoa Kakamega.

Ndugu msomaji, upite mji ule Jumapili asubuhi. Huku tarumbeta za Jeshi la Wokovu, kule kengele ya Wakatoliki, na pembeni Marafiki, yaani Wakweka, ambao hawabatizi kwa maji kabisa. Mara huja msafara wa watu waliovaa kanzu nyeupe na vilemba, bendera mbele na ngoma kati, wakicheza barabarani. Mtu wa pwani aweza kudhani ni maulidi! Hao ni Israel Nineveh.

Wingi huo haukuanza kwa hiari ya wenyeji. Marafiki walitoka Marekani wakafika Kaimosi mwaka 1902, katika iliyokuwa Wilaya ya Kakamega, ingawa leo ni Kaunti ya Vihiga. Misheni iliyokuja kuwa ya Kanisa la Mungu ikaingia Kima mwaka 1905, Wakatoliki wa Mill Hill Mukumu mwaka 1906, Waanglikana Butere mwaka 1912. Waprotestanti wakagawana nchi kama watu wagawanavyo shamba, hata mtoto akawa Mkweka au Mwanglikana kwa ajili ya kilima alichozaliwa, wala si kwa alichoamini. Lugha nayo ilipasuliwa. Walogooli walipata Biblia yao nzima mwaka 1951 kwa kazi ya Wakweka, Wanyore wakawa na Agano Jipya lao, na majaribio ya miaka ya 1940 ya kuunda Kiluhya kimoja cha kuandikia hayakuwaridhisha wote. Hasara hiyo siifichi.

Faida ilikuja pale wenyeji walipoanza kuvuka mipaka waliyochorewa. Mwaka 1927 palizuka uamsho Kaimosi. Watu wakanena kwa lugha na kuungama dhambi hadharani. Wakubwa wa misheni wakachukizwa, na waliokataa kunyamaza wakajikuta nje. Hawakuacha Ukristo, wala hawakuacha ukoo wao. Walijenga kanisa lao la Roho Mtakatifu, ambalo jirani zao waliliita Dini ya Roho. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli naye alitoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori akaanzisha Israel Nineveh. Watu ambao katika misheni walikuwa wanafunzi wa milele, sasa wakawa viongozi, wakaimba kwa ngoma zao wenyewe. Mwaka 1975, Kivuli akiwa amekwisha kufariki, Nineveh ilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Sasa hebu tufikiri. Lau mwaka 1927 pangalikuwako chombo cha mwamvuli, nani wangalikalia viti vyake? Ni wale wale wa Kaimosi. Je, wangalitia sahihi kuwaandikisha watu waliowatoa wenyewe?

Jambo hili si geni kwetu. Zanzibar ilitawaliwa na masultani Waibadhi, na raia wengi wakiwa Mashafii, lakini palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni. Na huko huko Kakamega, Mumias, Uislamu ulifika kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alikuwa Mwislamu, na pembeni yake Wakatoliki wakajenga misheni yao.

Wazee watanijibu: na Shakahola je? Nionavyo mimi, kule watu hawakufa kwa sababu makanisa ni mengi. Walipelekwa porini, mbali na jamaa na majirani, watoto wakaondolewa shuleni, wasisikie sauti nyingine ila moja. Huko ni kinyume kabisa cha Kakamega, ambako mtu akikorofishana na mchungaji wake huvuka barabara tu akasali kwingine, na jioni akarudi kula na ndugu zake. Tena Paul Mackenzie alikuwa amekwisha kushtakiwa mahakamani kabla ya mwaka 2023. Sheria za kuua, kudhulumu watoto na kufungia watu zilikuwako; zilizochelewa ni hatua za wenye dhamana ya kuzitekeleza.

Pendekezo hili la mwamvuli halikutaja Wakristo peke yao, bali dini zote, nasi tumo. Kwa hiyo Wabunge wetu wa pwani wakiletewa sheria ya namna hiyo, ningependa waulize hili kwanza: aliyefukuzwa na wenye mwamvuli ataandikishwa na nani?