CHAKULA CHA MTOTO: Uji wa ulezi, karanga na ubuyu



Mavuno yameingia ndani. Ulezi upo, karanga zipo, na mibuyu ina matunda. Mwezi huu tupike uji wa vitu hivyo vitatu. Ni uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, lakini hata babu ataupenda.

Siku hizi akina mama wengi hutengeneza unga wa lishe. Huchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, soya na karanga. Vyote hupelekwa mashineni pamoja, na unga hukaa mwezi mzima. Nia ni njema. Lakini nafaka nyingi hazimpi mtoto nguvu kuliko nafaka moja nzuri. Karanga zikikaa ndani ya unga, mafuta yake huchacha. Tena karanga mbovu ikishasagwa, huioni.

Jambo hilo la karanga mbovu si dogo. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 karibu watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huharibu ini. Moto wa jikoni hauimalizi.

Basi, saga ulezi peke yake. Karanga zikae na maganda yake, uzibangue siku ya kupika. Zimwage katika ungo, uzitazame moja moja. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, zitoe. Usiwape kuku, maana sumu huwadhuru na wao. Zifukie. Zile nzuri zikaange. Ukionja moja ukaona uchungu, iteme.

Sasa pika. Chukua unga wa ulezi kikombe kimoja na maji vikombe vinne. Koroga unga katika maji baridi kidogo, kisha umimine katika maji yanayochemka. Koroga mpaka uive, kama robo saa. Tia robo kikombe ya karanga zilizotwangwa. Zitwange ziwe laini kabisa, kwa sababu chenga za karanga humpalia mtoto.

Epua. Uji ukipoa kidogo, tia vijiko viwili vya unga wa ubuyu uliochekechwa, bila mbegu. Usiuchemshe, kwa sababu vitamini C yake hupotea motoni. Vitamini hiyo huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika ulezi. Huna ubuyu? Ponda papai lililoiva.

Uji uwe mzito, ukae juu ya kijiko bila kumwagika. Uji mwepesi kama maji hujaza tumbo la mtoto, lakini chakula kilichomo ni kidogo. Mtoto ameshiba, na bado anakonda!

Wapo pia watu wachache wasioweza kula ngano. Ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni, nayo huwaharibu utumbo. Wakila chapati au mkate, huharisha na kukonda. Ulezi hauna gluteni. Watu hao wanaweza kunywa uji huu, mradi unga haukusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Mtoto aendelee kunyonya kama kawaida. Uji ukibaki, mtu mkubwa aumalize siku hiyo hiyo.